Kufuta Taa ya ABS Sio Kutengeneza Gari

Wasee, kuna aina moja ya klipu inanichemsha sana. Umeshaiona. Jamaa anaingia ndani ya Toyota, kwa dashibodi kuna taa ya njano imeandikwa ABS, kando yake ile ya kigari kinachoteleza. Anachomeka kawaya kafupi kwenye soketi ya skana chini ya usukani, anawasha swichi, anakanyaga breki mara nane harakaharaka, taa zinazima. Muziki unapanda. "Kwisha hiyo! Usipeleke doo kwa fundi!" Watu elfu kadhaa wanagonga moyo. Na hakuna mtu anauliza swali moja la kawaida tu: ilikuwa imewaka kwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kale kawaya kakishaingia, na kabla hujagusa breki, taa ya ABS inaanza kumemeta. Inaongea. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 na 2010 inamemeta mara tatu, inapumzika, inamemeta mara moja: hiyo ni 31, sensa ya gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto. 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Yaani gari ilikuwa inamwambia gurudumu lenyewe, bure, bila skana, na yeye akakanyaga mara nane akafuta jibu kabla ya kulisoma. Halafu anajiita mtaalamu.

Hizo namba ndizo mafundi wanaita kodi. Sio ile ya KRA, ingawa hata hii ukiikwepa itakufuata mbele.

Msimamo wangu ni huu na sirudi nyuma: mtu anayefuta taa ya ABS bila kutafuta chanzo, halafu akakulipisha, amekuibia mara mbili. Amechukua pesa yako, na amechukua onyo lako. Afadhali angechukua pesa peke yake.

Tuelewane kwanza hiki kitu kinafanya nini, maana wengi wetu tulifundishwa kuendesha gari bila kuelezwa. Kila gurudumu lina sensa ndogo inayohesabu mzunguko. Mbele ya sensa kuna pete. Kwa gari za zamani ni pete ya chuma yenye meno, kwa nyingi za siku hizi ni pete ya sumaku iliyofichwa kwenye sili ya beringi. Pete ikizunguka, sensa inatuma habari kwa kompyuta ya ABS. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu moja likianza kufunga huku gari bado inakimbia, kompyuta inalegeza breki ya gurudumu hilo, inabana, inalegeza, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kuliko mguu wa dereva yeyote. Ile grrr unayoisikia kwa pedali ndiyo hiyo kazi. TRC inatumia sensa hizo hizo kwa kazi ya kinyume: unakanyaga mafuta kwa matope, gurudumu linazunguka bure, inalishika. VSC, ile ya kuzuia gari isipepesuke kwa kona, inazitegemea pia. Ndiyo maana sensa moja ikilala, taa mbili au tatu zinawaka pamoja na wewe unadhani gari yote imekufa.

Na hii si kitu ya juzi. Bosch na Mercedes-Benz waliitoa kwa S-Class mwaka wa 1978. Wazee wetu walikuwa bado wanasukuma Peugeot 404.

Sasa njoo Kiboko. Kama umewahi kwenda Mombasa kwa barabara, umepita hapa, labda ukiwa umelala: ukishaacha Emali na Simba nyuma, kabla ya Makindu. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, na trela za bandari haziishi, usiku na mchana. Mbuzi wanavuka. Punda wanavuka wakijisikia. Watoto wa shule wanavuka. Miezi mingi hakuna hata tone la mvua, lami inakusanya oili, vumbi na mabaki ya tairi. Halafu Novemba inafika, manyunyu ya kwanza yanashuka, na hiyo barabara inakuwa sabuni.

Kwa kilomita 100 kwa saa, gari inakula karibu mita 28 kila sekunde. Trela mbele yako likiwasha taa nyekundu, mguu wako ukifika kwa breki umeshakula mita hizo kama sio zaidi. ABS haitakusimamisha kwa muujiza. Kazi yake kubwa ni kwamba hata ukiwa umekanyaga mpaka chini, usukani bado unakusikia. Gurudumu lililofunga halipindi. Linaburuta tu, na wewe unazungusha usukani kama mtu anayecheza mchezo ambao umeshaisha. Tofauti ya kumpita punda kwa pembeni na kumgonga iko hapo.

Kwa hesabu za NTSA, zaidi ya watu 4,000 walikufa kwa barabara za Kenya kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024. Sisemi walikufa kwa sababu ya sensa. Nasema hii si nchi ambayo dereva anaweza kuanza kuzima maonyo kwa sababu yanamharibia picha ya dashibodi.

Tukija kwa taa yenyewe. Shida kubwa ni ile taa kigeugeu. Inawaka Jumatatu, Jumanne haipo, Alhamisi imerudi. Unaipeleka gereji, haiwaki. Fundi anakuangalia kama unamsumbua. "Bosi, gari iko sawa, endesha tu." Na kwa sababu haiwaki mbele yake, anachukulia haipo. Hapo ndipo biashara ya kufuta inazaliwa: unafuta, taa inakaa wiki mbili bila kuonekana, mteja anadhani imetengenezwa. Haijatengenezwa. Haijafika tu kwa shimo lake.

Kwa sababu taa ya namna hiyo ina mahali pake na saa yake, na huko ndiko kuna jibu. Ukitoka lami ya Kiboko ukaingia barabara ya vumbi ile yenye mikunjo kama mabati, gurudumu linapanda na kushuka maelfu ya mara, na waya wa sensa unapinda nalo kila mara. Nje waya unaonekana mzima. Ndani, nyuzi za shaba zimekatika moja moja. Gurudumu likiwa juu zinagusana. Likishuka zinaachana. Kompyuta inapoteza habari kwa nukta chache, inasema sitaki kubahatisha, inazima ABS na kuwasha taa. Kesho yake unawasha gari, nyuzi zinagusana, kwa gari nyingi taa inazima yenyewe, lakini kodi inabaki kwa kumbukumbu. Ushahidi uko pale umekaa. Huyo wa kukanyaga mara nane anakuja kuuchoma.

Binamu yangu ana Fielder anayobebea maembe na machungwa. Taa ilikuwa inamfanyia hivyo hivyo: akitoka shambani inawaka, akilala inazima. Fundi wa kwanza alifuta, akalipwa. Wa pili hakuangalia hata gurudumu moja, alisema moduli ya ABS imeenda, atafute nyingine ya ex-Japan, ngiri arobaini na kitu bila kazi. Nusura auze mbuzi. Wa tatu ni mzee mmoja wa njia ya Makindu, mwenye ovaroli isiyojulikana ilikuwa ya rangi gani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza maswali. "Inawaka lini, kijana? Kwa matuta ama kwa kona? Kona ya upande gani? Asubuhi ama jua likiwa kali?" Maswali ya daktari kabisa. Halafu akachomeka skana yenye kuonyesha spidi ya kila gurudumu, akamwambia binamu yangu aendeshe polepole kwa ile barabara mbovu, si kwa lami. Magurudumu matatu yalisema 30. Moja likasema 30, likasema 0, likasema 30.

Wakarudi, akainua gari kwa jeki, akachomoa plagi ya sensa hiyo, akaunganisha mita yake kwenye ule waya mwisho kwa mwisho. Namba imetulia. Hapo ndipo wengi wangesema "waya iko sawa." Yeye akaanza kuupindapinda waya kidogo kidogo kuanzia kwa sensa kupanda juu. Ulipofika pale kishikizo kinapoushika kwa bodi, namba ikaruka. Akakata, akaunga upya, akafunika maji yasiingie, akachukua soo kadhaa. Na akamwambia ukweli pia: hapo panapinda kila siku, huu muungo ni wa kukupa muda, anza kutafuta sensa nzima na waya wake.

Soo kadhaa. Dhidi ya ngiri arobaini ya kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Sisemi moduli haziharibiki. Zinaharibika. Lakini moduli ni mshukiwa wa mwisho, sio wa kwanza, na fundi anayeanza nayo anakisia kwa pesa yako. Kabla ya kufika huko kuna vitu vya bei ndogo chungu nzima. Unga wa chuma unaotoka kwa diski na pedi unaganda kwa ncha ya sensa kwa sababu kuna sumaku pale. Panya anatafuna waya, na huku kwetu panya hana likizo. Betri imechoka, ukipiga stata volti inashuka, kompyuta ya ABS inalalamika, na kwa Toyota inaweka C1241 ambayo kazi yake ni kusema umeme ni mdogo. Hapo unabadilisha betri au unaangalia alteneta, na mtu mwingine kwa gereji nyingine angekuuzia sensa nne. Tairi moja ya saizi tofauti na zile nyingine tatu, ambayo ulivaa baada ya pancha ukasema utabadilisha mwisho wa mwezi, inazunguka kwa hesabu tofauti na kompyuta inaona uongo. Na kama taa ya injini imewaka pamoja na ya TRC au VSC, anza na injini; Toyota nyingi zinazima VSC zenyewe injini ikiwa na kodi, hata kama breki hazina shida yoyote.

Halafu kuna hii ya beringi, ambayo kwa kweli inachekesha kama sio gari yako. Zile beringi zenye pete ya sumaku zina upande. Upande wa sumaku lazima uangalie sensa. Ukiiangalia kwa macho, pande zote mbili zinafanana. Fundi anabadilisha beringi iliyokuwa inalia, anaingiza kinyume, kelele inaisha, taa ya ABS inawaka, na anakuapia kwa mama yake kwamba hiyo ni shida nyingine haihusiani. Ama ananunua beringi ya bei rahisi isiyo na sumaku kabisa. Kwa hivyo kama taa yako ilianza wiki ile ile ulibadilisha beringi, diski, shafti au shoksi, usikubali kuambiwa ni bahati mbaya. Mwambie aanzie pale mkono wake ulipogusa.

Kuna kosa lingine linalofanywa hata na mafundi wenye nia nzuri. Anachomoa sensa, anaiwekea mita, anasema ohm ziko sawa. Kwa sensa za zamani za koili, hiyo ina maana, nyingi zinasoma karibu kilo-ohm moja au moja na kitu. Kwa sensa za kisasa, zile zinazohitaji umeme wa kompyuta ndipo zifanye kazi, kupima ohm hakukuambii chochote. Na kile kidude cha ELM327 unachounganisha na simu kinasoma injini. Kwa gari nyingi hakiongei na kompyuta ya ABS hata kidogo. Kikisema "hakuna kodi," maana yake hakujauliza mtu anayehusika. Mlipe mwenye skana inayofika kwa ABS na inayoonyesha spidi ya magurudumu yote manne gari ikitembea. Hiyo ndiyo kazi ya kulipia.

Najua wapinzani wangu. Kundi la kwanza ni la wazee wa "breki ni breki." Wanasema waliendesha Datsun mpaka Malindi bila ABS na wako hai, toa hiyo fyuzi tuishi. Na wacha niwe mkweli, wana hoja kidogo. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinashika, huna haja ya kulala Kiboko usiku mzima ukisubiri fundi. Na kwa kokoto au mchanga uliolegea, kama kule Kitui, ABS inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililofunga linajichimbia. Sawa. Lakini ajali za barabara ya Mombasa hazitokei kwa mchanga. Zinatokea kwa lami, kwa spidi, nyuma ya trela. Na Datsun ya mzee haikumwahidi ABS. Mwili wake ulikuwa umezoea kupampu breki. Sisi tumejifunza kwa Vitz na Demio, tumefundishwa kanyaga mpaka mwisho gari itajua. Ukikanyaga mpaka mwisho na gari haijui, hakuna mtu wa kukulaumu utakayemsikia.

Na tafadhali: ikiwaka ile nyekundu ya breki pamoja na ya ABS, hiyo si mjadala tena. Inaweza kuwa mafuta ya breki yameisha, au mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umelala, na magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza. Simama.

Kundi la pili wanasema mambo ya kutafuta chanzo ni ya watu wenye pesa. Hii ndiyo inanigusa, kwa sababu ganji kweli hakuna. Lakini piga hesabu ya binamu yangu tena. Alilipa kufutiwa, karibu alipe moduli, na aliyemtafutia chanzo ndiye alikuwa wa bei ya chini. Maskini ndiye hana uwezo wa kukisia. Tajiri anaweza kubadilisha vitu vitano mpaka abahatike.

Kundi la tatu silionei huruma hata kidogo: mabroka. Wewe unatafuta gari yako ya kwanza, umeweka akiba ama umechukua mkopo wa kufanyia teksi ya apu, na mtu anakuuzia gari ambayo balbu ya ABS imetolewa. Wengine ni wajanja zaidi, wanaunganisha waya wa taa ya ABS na ya chaji au ya oili, ndio iwake ukiwasha swichi na izime injini ikinguruma, uone kama kila kitu ni fiti. Usitegemee ile mashine ya roli inayopima breki ikuokoe, maana inazungusha gurudumu polepole sana na kupima nguvu ya kushika. ABS hailali wala haiamki pale.

Kuwashika ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini. Kama ni ya kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa ya ABS lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu ameitoa au imekufa. Ikiwaka, usiguse kitu, hesabu. Kwa gari nyingi, baada ya sekunde tatu hivi inazima yenyewe, huku ya betri na ya oili zimebaki zinawaka kwa sababu injini bado haijawashwa. Ukiona ya ABS imekaa inangoja wenzake, halafu zote zinazima pamoja injini ikiwaka, shuku. Chomeka skana kabla ya kuchomoa pesa. Na broka akikasirika ati unachelewesha, mwache akasirike, gari ziko nyingi.

Kwa nyinyi wenzangu wa kontenti, sina haja ya kuwaambia mfute hizo klipu. Rekodini nyingine. Kawaya kale kale, soketi ile ile, lakini kabla ya kugusa pedali, lenga kamera kwa dashibodi na uhesabu taa inavyomemeta kwa sauti, mbele ya watu. Ikisema 33, shuka, enda gurudumu la nyuma kulia na tochi, utuonyeshe waya.